Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Mombasa: mbegu kwanza, tingatinga baadaye

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Mheshimiwa,

Naomba kwa adabu zote uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Twajua mezani kwako yamerundikana mengi: maji yasiyofika mabombani, taka, zahanati, karo za wanafunzi, vijana wasio na kazi. Mimi ni mkazi wa Likoni nisiye na cheo, wala sikuja kuongeza lawama juu ya mzigo huo. Nimekuja na ombi, na nalitanguliza mapema ili nisikuchoshe.

Twakuomba, Mheshimiwa, uiwekee Mombasa bara hifadhi ya mbegu za mimea yetu ya porini, pamoja na bustani ya kutunza ile ambayo mbegu zake haziwekeki. Twakuomba pia uagize kwamba mradi wowote wa kaunti utakaofyeka kichaka au msitu wa asili ukusanye mbegu zilizomo kwanza, kabla ya tingatinga kuingia. Yote yanayofuata ni kueleza kwa nini ombi hili ni la haraka, na kwa nini liko ndani ya uwezo wa ofisi yako tukufu.

Wajua kuliko mimi jinsi bara inavyojengwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yako, na wengi wetu twalala ng'ambo ya kisiwa. Tangu 2017 treni ya SGR yashusha abiria Miritini. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha magharibi na kusini bila mtu kupanda feri, na huko huko Dongo Kundu ndiko eneo maalumu la kiuchumi linakoandaliwa. Watoto wetu wanazihitaji kazi hizo, na barua hii haipingi mradi hata mmoja. Lakini ardhi ya bara haikuwa tupu kabla ya nyumba na barabara. Ni sehemu ya ukanda wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambao wataalamu wa dunia nzima wauhesabu miongoni mwa mahali penye mimea mingi isiyopatikana kwingineko, na papo hapo miongoni mwa mahali ambapo mimea hiyo imebakiwa na nafasi ndogo kabisa. Msitu uliokuwa mmoja umekuwa vipande: kipande kwenye kaya, kipande kando ya hori, kipande nyuma ya shamba la mtu. Kipande kikifyekwa leo, huenda aina ya mti iliyokuwamo haina pengine pa kuanzia.

Niruhusu nianze na Changamwe, kwa sababu huko hasara hii imekwisha kuonekana kwenye mikono ya watu. Tangu 1963 pana chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, ambacho kimelisha maelfu ya familia na kulipeleka jina la Mombasa hadi sebule za Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi wachongaji walitegemea mpingo, kisha muhugu: mti mgumu wa kahawia, wenye harufu nzuri, usioliwa na mchwa upesi. Muhugu huo huo ulikuwa ukitakwa kwa sakafu za mbao na kwa nguzo. Ukakatwa hadi wachongaji wenyewe wakaanza kuufuata mbali zaidi na kuulipia zaidi. Miaka ya 1990 wahifadhi wa mazingira wakakaa nao na kuwashauri wageukie mwarobaini, au mkilifi kama tuuitavyo hapa kwetu, ambao umejaa kila uga. Wachongaji wakakubali, na leo sanamu nyingi ni za mwarobaini. Nawaheshimu sana kwa uamuzi huo.

Hata hivyo, Mheshimiwa, kuacha kukata hakutoshi kuurudisha muhugu, na sababu iko katika mbegu. Muhugu una mti dume na mti jike. Wakikatwa majirani, mti jike uliosalia peke yake waweza kuchanua kila mwaka bila kuzaa chochote. Hata unapozaa, mbegu ni ndogo na nyepesi, nyingi ni makapi, na nyingine huliwa na wadudu zikiwa bado matawini. Zilizo nzima, zikiachwa kwenye joto letu, hupoteza uhai upesi. Anayetaka kuupanda muhugu lazima afike kwenye mti siku zenyewe, achume juu ya mti, achague, akaushe na aweke mahali baridi. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja mwenye gunia. Yataka chumba, vifaa, na watu waliofunzwa ambao ndiyo kazi yao.

Muhugu si peke yake. Upo mkilua, mti ambao porini waishi katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania tu. Mama zetu wameliweka kilua nywelini na baina ya nguo zilizokunjwa tangu zamani, na arusi ya Kiswahili bila harufu yake yapungukiwa. Upo mjafari, ambao magome na mizizi yake huchimbwa kwa dawa, na mti uliovuliwa gome pande zote hauponi. Upo mbambakofi, uliotoa mbao za milango ya nakshi ambayo wageni huja kuipiga picha Mji wa Kale. Upo mchunga, mboga chungu ambayo akina mama huichuma mashambani na ambayo hakuna duka liuzalo mbegu zake.

Na ipo kahawa. Mombasa ni mji wa kahawa chungu, na sidhani kuna baraza lisilojua harufu ya tangawizi ikipanda kutoka kwenye dele. Katika misitu ya Kwale, na kuendelea hadi Tanzania na Unguja, yaishi kahawa mwitu ambayo wataalamu huiita Coffea pseudozanguebariae, na buni zake karibu hazina kafeini kabisa. Ilijifanya hivyo yenyewe, bila kiwanda wala kemikali. Mwaka 2019 watafiti wa bustani za Kew za Uingereza walichapisha hesabu ya aina zote za kahawa zilizojulikana duniani. Kati ya aina 124, asilimia 60 ziko hatarini kutoweka, na karibu nusu hazijahifadhiwa katika benki yoyote ya mbegu wala bustani. Ikiwa siku moja joto au ugonjwa utaishinda kahawa inayolimwa milimani, watu watarudi kwenye jamaa zake wa porini kutafuta msaada. Twaomba wakija wazikute.

Kwa idhini yako, nieleze sasa kwa ufupi jinsi benki ya mbegu inavyofanya kazi, maana wapo wanaodhani ni jambo la Wazungu na barafu yao. Wakusanyaji huenda porini matunda yanapoiva. Hawachumi zaidi ya sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku ile, ili msitu wenyewe usikose mazao. Huchukua kwa miti mingi kadiri iwezekanavyo, si kwa mmoja ulio karibu na njia, kwa sababu nguvu ya kizazi iko katika tofauti za wazazi. Hukata tawi na kulikausha katikati ya karatasi, liwe ushahidi kwamba mbegu hizi ni za mti huu na si wa jirani yake. Huandika mahali, tarehe, udongo, na jina ambalo wenyeji wanautajia mti. Kisha mbegu husafishwa, chache hupasuliwa kuona kama zina kiini, na zote hukaushwa polepole kwenye chumba chenye baridi ya nyuzi 15 na hewa kavu. Hatimaye hufungwa kwenye vyombo visivyopitisha hewa na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya miaka kadhaa, chache huoteshwa kuona kama bado zi hai.

Ukaushaji ndio kiini cha yote. Ni hekima ile ile ya papa wa ng'onda: ukimtoa maji, anakaa. Wanasayansi wana kanuni kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, umri wake ghalani karibu hurudufika, na kila baridi inapoongezeka kwa nyuzi tano hivi, vivyo hivyo. Mbegu ambayo ingekufa Likoni kabla ya mwaka yaweza kungoja miaka makumi, pengine zaidi ya mia. Mwaka 2005 huko Israeli mbegu ya mtende iliyopatikana katika magofu ya ngome ya Masada iliota baada ya kulala miaka 2,000 hivi katika ukame wa jangwa. Hapa petu hewa imejaa bahari. Unyevu huo ndio unaotunenepeshea minazi, na ndio huo huo unaoua mbegu zilizowekwa kwenye kopo jikoni. Kwa hiyo mji wa pwani wahitaji hifadhi hii kuliko miji mikavu iliyo mbali na bahari.

Nchi yetu haianzi sifuri. Muguga, karibu na Nairobi, pana Benki ya Jeni ya Taifa iliyoanzishwa 1988, yenye sampuli makumi ya maelfu. Hapo hapo Muguga, Taasisi ya Utafiti wa Misitu, yaani KEFRI, ina kituo chake cha mbegu za miti, na taasisi hiyo ina kituo kingine Gede, huku huku pwani. Tangu 2000 taasisi za Kenya zimeshirikiana na Kew, ambao ghala lao la Wakehurst lina mbegu zaidi ya bilioni 2 za mimea ya porini kutoka duniani kote. Na tarehe 26 Februari 2008, ghala la mbegu la Svalbard lilipofunguliwa huko kaskazini mwa Norwei, aliyesimama na waziri mkuu wa nchi ile kuingiza sanduku la kwanza alikuwa mama yetu Wangari Maathai, Mkenya. Jambo hili, Mheshimiwa, ni letu tangu mwanzo.

Pengine washauri wako watasema: ikiwa Muguga ipo, Mombasa yataka nini tena? Ni swali la haki, nami nalijibu kwa unyenyekevu kwa mambo matatu.

La kwanza, mbegu moja katika ghala moja ni bahati nasibu. Vita vilipoingia Aleppo, Siria, kituo cha utafiti wa mazao ya nchi kavu kilichokuwa huko kilishindwa kulifikia ghala lake. Kiliokolewa na nakala zilizokuwa Svalbard: mwaka 2015 kikaziomba, kikazipanda upya Lebanoni na Moroko, kisha mwaka 2017 kikaanza kuzirudisha. Sisi twaomba nakala mbili za kila mbegu ya pwani, moja pwani na moja Muguga.

La pili ni umbali. Mbegu ya muhugu haingoji barua iende Nairobi na gari lije. Matunda huiva kwa siku chache, na kila aina ina wakati wake. Anayeijua siku hiyo ni mwenyeji wa Mwakirunge au Mtongwe apitaye chini ya mti kila asubuhi.

La tatu ndilo zito zaidi. Mimea mingi ya pwani haikubali kuwekwa kwenye friza hata kidogo. Kila mkulima wa Kisauni ajua kwamba kokwa ya embe ikikauka haioti tena, na nazi hali kadhalika. Jamii hizi zina mbegu za maji, ukizikausha umeziua. Kahawa iko katikati, yavumilia kukaushwa kiasi lakini baridi kali huidhuru. Na mikoko imekwenda mbali kuliko yote, kwa maana mkoko, muia na mkandaa huota mbegu zikiwa bado zaning'inia mtini, kisha huziachia kwenye matope zikiwa miche tayari. Mti wa namna hiyo hauna mbegu ya kuweka ghalani. Benki yake ni mti wenyewe ukiwa hai, katika mahali palipolindwa. Ndiyo maana hatuombi friza peke yake, twaomba na bustani.

Na mikoko, Mheshimiwa, ni mali ya Mombasa bara. Mikono ya bahari iingiayo Tudor, Port Reitz na Mtwapa imepakana na makazi ya Jomvu, Mikindani, Junda na Mtongwe. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika mkono wa Makupa na kuua mikoko iliyokuwa hapo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikateremsha udongo mwingi hadi Mwache, ukaifukia mizizi ipumuayo, na miti ikafa imesimama. Vikundi vya vijana na akina mama vimekuwa vikipanda upya tangu zamani, mara nyingi kwa mikono mitupu. Jirani zetu wa Gazi, Kwale, wameonyesha tangu 2013 kwamba mradi wao wa Mikoko Pamoja waweza kuuza kwa dunia hewa ukaa inayohifadhiwa na miti na kuyarudisha mapato kwenye maji na shule za kijiji. Vikundi vyetu vya bara havikosi moyo. Vinakosa miche ya aina zote tisa za Kenya, maana apandaye kwa haraka hupanda mkoko mmoja ulio rahisi, na zile adimu zikasahauliwa.

Uniruhusu nitoe mfano mmoja wa kinachotokea tukichelewa. Mwaka 1977 wataalamu wa mimea waliukuta katika msitu wa pwani ya Kenya mti mrefu ambao ulikuwa haujawahi kuandikwa na sayansi. Leo unaitwa Karomia gigas. Miaka michache baadaye mti huo ulikatwa, na Kenya haijaupata mwingine. Ulionekana tena Tanzania, ukapotea, hata wengi wakaamini umekwisha duniani. Kisha mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaikuta miti yake michache katika msitu wa kusini. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania pamoja na bustani ya Missouri ya Marekani wakaanza kazi ya kuuokoa. Walilazimika kuchuma maelfu ya matunda ili kupata mbegu hai chache mno, kwa sababu miti iliyobaki ni michache na ukungu huyaharibu matunda. Gharama na jasho hilo lote latokana na kuchelewa. Lau mtu angechuma mbegu katika msitu wetu kabla ya shoka, leo Kenya ingekuwa na mti wake.

Mheshimiwa, wapo waliotimiza wajibu wao kabla yetu, na haifai niwapite bila kuwataja. Wazee wa kaya za Mijikenda walitunza misitu yao kwa karne nyingi kwa miiko na viapo, bila mshahara. Makumbusho ya Taifa yaliunda kitengo cha kulinda misitu hiyo mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia, zikiwemo za Rabai na Duruma zilizo mlangoni mwa Mombasa, na Kinondo kusini. Huko Bamburi, kuanzia 1971, René Haller alichukua machimbo ya matumbawe yaliyokuwa meupe kama mfupa akajaribu aina 26 za miti, na mvinje ukawa ndio ulioshika na kufungua njia kwa mingine. Leo watoto wa shule hutembezwa msituni pale. Aliyeona Bamburi hawezi kusema ardhi ya Kisauni haiponi. Kinachotakiwa ni mbegu sahihi na subira.

Sheria nazo ziko upande wako. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, yataka mbegu za asili na umiliki wa jamii juu yake vitambuliwe na kulindwa. Kifungu cha 69 chaipa dola wajibu wa kuhifadhi rasilimali za kijenetiki, anuwai ya viumbe na maarifa ya wenyeji. Jedwali la Nne laipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za mazingira na misitu. Aidha, tangu Desemba 2022 serikali ya taifa imetangaza kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Miti hiyo itatoka kwenye mbegu. Kama Mombasa haina mbegu zake, tutapanda tulicholetewa, na huenda tukaifikisha hesabu huku muhugu, mkilua na mbambakofi ikizidi kutoweka.

Nakuomba pia, kwa taadhima, hifadhi hii iwekewe ulinzi wa kisheria tangu siku ya kwanza. Novemba 2022 nchi nzima ilishtuka kuona mibuyu mizima iking'olewa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, na Rais akaagiza uchunguzi ufanywe kama taratibu za Itifaki ya Nagoya, ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, zilifuatwa. Kenya ina kanuni za tangu 2006 kuhusu nani aweza kuchukua rasilimali za kijenetiki na kwa ridhaa ya nani. Mbegu itakayotoka Likoni au Kisauni iandikwe kuwa ni ya jamii iliyoitunza, na atakayenufaika nayo asipite bila kubisha hodi mlangoni mwa wenyewe.

Sasa naomba niyapange maombi yetu, ili wasaidizi wako wapate urahisi wa kuyashughulikia.

Kwanza, patengwe chumba kimoja katika jengo la kaunti lililopo upande wa bara, chenye kifaa cha kukausha hewa, mizani, vyombo visivyopitisha hewa, friza na umeme wa jua wa kukihami umeme wa kawaida unapokatika. Kwa kuanzia hata mapipa yenye makaa makavu yaweza kunyonya unyevu wa mbegu.

Pili, paanzishwe vitalu vitatu, cha Likoni, cha Kisauni na cha Changamwe, vyenye miti mama ya aina zisizowekeka ghalani, pamoja na kitalu cha mikoko kando ya maji.

Tatu, kaunti iandikiane mkataba na Muguga na KEFRI Gede, watufundishie vijana wetu, na kila mbegu itunzwe mahali pawili.

Nne, kila mradi wa kaunti unaogusa mimea ya asili uwe na mpango wa kukusanya mbegu ndani ya tathmini yake ya mazingira, wenye bajeti na muda wa kutosha kufikia msimu wa matunda. Kwa miradi ya taifa, twakuomba uitumie sauti yako kuiomba mamlaka husika ifanye vivyo hivyo.

Tano, wazee wa kaya, waganga, wachongaji wa Changamwe na akina mama wauza kilua wakae kwenye kamati ya hifadhi hii wakiwa na haki ya kuamua, si kuitwa kwa picha za ufunguzi. Wanajua mti gani huzaa mwezi gani, na elimu hiyo haiko kwenye kitabu chochote.

Najua, Mheshimiwa, swali la mwisho litakuwa la fedha, na kwamba mama anayenunua maji kwa mtungi ana haki ya kuuliza mbegu zitamsaidia nini. Nami ni jirani wa mama huyo. Jibu langu ni kwamba gharama ya chumba na vitalu vitatu ni ndogo sana ukilinganisha na barabara yoyote inayojengwa, na kazi yenyewe itaajiri vijana wa mitaa hiyo hiyo. Tena bomba lililokosekana mwaka huu laweza kuwekwa mwaka ujao. Aina ya mti ikimalizika hakuna bajeti ya mwaka wowote itakayoirudisha. Hiyo ndiyo sababu twathubutu kuomba mambo mawili, maji na mbegu, kwa pamoja. Wahenga walisema akiba haiozi, na hii ni akiba ambayo tukiikosa leo, warithi wako katika kiti hicho hawatakuwa na pa kuitafuta.

Twakuomba, basi, umteue ofisa mmoja kushika jambo hili, na umpe idhini ya kuanza na mti mmoja, muhugu, kabla ya msimu wake ujao wa matunda. Wachongaji wa Changamwe watamwonyesha ilipo iliyobaki. Wazee wa kaya watamwongoza, na sisi wakazi tutabeba ngazi na mifuko. Tukiupata muhugu, mingine itafuata njia ile ile.

Twangoja jibu lako kwa heshima na matumaini.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Likoni